Usipuuze shavu lililovimba, huenda mfupa umevunjika

UMEANGUKA kutoka kwa bodaboda, ama umepigwa kiwiko uwanjani, ama wahuni wamekugonga usoni ukitoka kazini. Asubuhi unapojitazama kwenye kioo, shavu limevimba na jicho limefunga, jeusi tititi. Jirani anakushauri ulikande kwa maji moto yenye chumvi. Mwenye duka la dawa anakuuzia tembe za kutuliza uchungu. Baada ya siku tano uvimbe unaanza kupungua nawe unamshukuru Mungu kwamba umepona.

Lakini baada ya majuma mawili unagundua kwamba shavu moja limebonyea. Mdomo wa juu una ganzi kana kwamba umetoka kung'olewa jino. Ukishuka ngazi unaona vidato viwili mahali penye kimoja. Unapofika kwa daktari anakuambia kwamba mfupa wa shavu ulivunjika siku ile, na kwamba sasa umeanza kuungana ukiwa umepinda.

Ndugu msomaji, katika somo letu la leo tutaeleza jinsi madaktari wanavyourekebisha mfupa huo kwa upasuaji na kwa nini siku za kwanza ndizo zenye faida kubwa.

Mfupa huu ni upi?

Weka kidole chini ya jicho, kisha ukitelezeshe kuelekea sikioni. Mfupa mgumu unaoupapasa ndio mfupa wa shavu, ambao kwa Kiswahili huitwa pia kitefute. Ndio unaolipa shavu umbo lake la kutokeza mbele, na kwa sababu umetokeza, ndio unaopokea kishindo mtu anapogongwa usoni. Kati ya mifupa ya uso, ni ule wa pua tu unaovunjika mara nyingi kuuliko.

Mfupa huu haukukaa peke yake. Umeungana na mifupa mingine minne: wa paji la uso kwa juu, wa taya la juu kwa mbele, wa upande wa kichwa kwa nyuma, na mwingine ulio ndani kabisa nyuma ya jicho. Unapogongwa kwa nguvu, mara nyingi wenyewe haupasuki katikati, bali hung'oka kwenye maungio hayo na kusukumwa ndani, chini au kando.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mfupa wa shavu ni sehemu ya nyumba ya jicho. Ukuta wa nje wa tundu la jicho na sehemu ya sakafu yake hutokana na mfupa huu. Aidha, karibu sana na hapo hupita neva inayoleta hisia kwenye shavu, upande wa pua, mdomo wa juu na meno ya juu ya mbele. Chini ya sakafu hiyo kuna uwazi wenye hewa ndani ya taya la juu, uliounganika na pua. Kwa hivyo mfupa wa shavu ukivunjika, jicho, neva na pua zote huweza kuathirika.

Uvimbe hudanganya

Mara tu baada ya kugongwa, shavu lililovunjika huweza kuonekana limebonyea. Lakini saa chache baadaye nyama za uso hufura na kulijaza pengo lile. Mgonjwa na jamaa zake huona uvimbe tu. Uvimbe huo huanza kupungua baada ya siku tano hadi saba, na hapo ndipo kasoro hujitokeza tena.

Kwa hivyo usingoje uvimbe uishe ndipo uanze kuuliza maswali. Fika hospitalini siku ile ile ukiona mojawapo ya dalili hizi:

• Ganzi kwenye shavu, upande wa pua, mdomo wa juu au ufizi wa juu. Hii ni dalili muhimu sana, na wengi huipuuza kwa kuwa haina uchungu.

• Kuona vitu viwili viwili, hasa unapotazama juu au chini.

• Weupe wa jicho kugeuka mwekundu kwa damu kuelekea kona ya nje, na wekundu huo usione mwisho wake kwa nyuma.

• Kushindwa kufungua mdomo vizuri. Hii hutokea kwa sababu upinde wa mfupa, ule unaoelekea sikioni, umebonyea na kuzuia ncha ya taya la chini isisogee.

• Kutokwa na damu kwenye tundu moja la pua, la upande uliogongwa.

• Kupapasa chini ya jicho na kuhisi kidato, mahali ambapo mfupa ulikuwa laini na mtelezo.

• Ngozi ya shavu au kope kutoa sauti ya kuchakarika unapoigusa, dalili kwamba hewa imeingia chini yake.

Njia rahisi ya kulinganisha mashavu ni hii. Mketishe mgonjwa, simama nyuma yake, uinamishe kichwa chake nyuma kidogo kisha utazame uso kutoka juu. Shavu lililobonyea huonekana upesi zaidi hivyo kuliko ukimtazama kwa mbele. Lakini ikiwa mtu ameanguka vibaya na analalamikia shingo, usimgeuze wala kumwinamisha kichwa. Aliyegongwa usoni kwa nguvu huenda ameumia shingo au ubongo pia, na hayo ndiyo hushughulikiwa kwanza.

Dalili zisizongoja

Kuna hali mbili ambazo si za kungoja kesho.

Ya kwanza ni damu kuvuja na kujikusanya nyuma ya jicho. Jicho huuma sana, hutokeza nje, huwa gumu ukiligusa, na uwezo wa kuona hupungua haraka. Damu hiyo hubana neva ya kuonea. Daktari huhitaji kuipunguza nguvu katika muda wa saa moja au mbili, kwa kukata kidogo kwenye kona ya nje ya kope, la sivyo jicho laweza kupofuka kabisa. Ndiyo sababu mgonjwa ambaye jicho lake limefunga kwa uvimbe lazima kope zifunuliwe taratibu na aulizwe anaona vidole vingapi.

Ya pili huwapata watoto. Mifupa yao ni laini, hupinda na kurudi kama kijiti kibichi. Sakafu ya jicho hufunguka kidogo, huubana msuli wa jicho, kisha hujifunga. Kwa nje jicho huonekana jeupe na salama, lakini mtoto hawezi kulielekeza juu, anatapika, na mapigo ya moyo huenda yakapungua. Wazazi hudhani ameumia kichwa tu. Mtoto kama huyu huhitaji upasuaji ndani ya siku moja au mbili, kabla msuli uliobanwa haujafa.

Uchunguzi

Daktari huanza na jicho: nguvu ya kuona, mboni inavyoitikia mwanga, na kama jicho linasogea pande zote. Kisha hupapasa mifupa ya uso na kupima hisia za ngozi.

Baada ya hapo hupiga picha. Eksirei ya kawaida, inayopigwa mgonjwa akiwa ameinua kidevu, huonyesha kama mfupa umehama na kama uwazi wa taya la juu umejaa damu. Picha iliyo bora zaidi ni skani ya CT, ambayo huuonyesha uso vipande vipande kama mkate uliokatwa, na huonyesha wazi hali ya sakafu ya jicho. Anayeshughulika na kazi hii hasa ni daktari wa upasuaji wa mdomo, mataya na uso, akisaidiana na daktari wa macho. Usishangae basi ukipelekwa kwenye idara ya meno, kwani mara nyingi wataalamu hao hupatikana huko.

Je, kila mmoja hupasuliwa?

La. Ikiwa mfupa umepata ufa tu na haujahama, jicho liko sawa na mdomo unafunguka, daktari hukuacha upone bila kisu. Utakula chakula laini, hutalalia upande huo, na utarudi kukaguliwa.

Upasuaji hufanywa mfupa unapokuwa umehama na kuharibu umbo la uso, unapozuia mdomo kufunguka, unapolifanya jicho lizame ama lione viwili, au unapoibana neva. Uamuzi ni wako pamoja na daktari. Wapo wazee na wagonjwa ambao hawajali shavu kubonyea kidogo, na kwao hatari za dawa ya usingizi huenda zikapita faida.

Kwa kawaida daktari hungoja siku tano hadi saba ili uvimbe upungue aweze kuuona uso sawasawa. Lakini hupenda awe amemaliza kazi kabla ya siku 10 hadi 14 kupita. Hicho ndicho kipindi kizuri. Ukiambiwa urudi baada ya juma moja, si kwamba umefukuzwa. Rudi.

Kuinua mfupa

Njia mojawapo ya zamani ambayo ingali inatumika ilielezwa mwaka wa 1927 na Harold Gillies na wenzake. Gillies alizaliwa New Zealand, akafanya kazi Uingereza, na alipata ujuzi wake mwingi kwa kutengeneza nyuso za askari waliojeruhiwa katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia.

Mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi. Daktari hukata mahali padogo, kama sentimita mbili na nusu, kwenye panja, ndani ya nywele. Hupitisha chombo kirefu cha chuma chini ya utando mgumu unaofunika msuli wa panja, hadi kifike chini ya mfupa uliobonyea. Kisha huunyanyua mfupa kama mtu anyanyuavyo jiwe kwa wenzo. Mkono mmoja huinua na mwingine hupapasa shavu kwa nje. Mara nyingine mfupa hurudi mahali pake kwa mlio unaosikika. Kovu hubaki limefichwa na nywele.

Wapo madaktari wanaopitia ndani ya mdomo, juu ya ufizi, na wengine hutumia kulabu inayopenya kwenye ngozi kupitia tundu dogo sana. Njia hizi hufaa hasa upinde peke yake ukiwa umebonyea, au mfupa ukiwa umehama bila kuvunjikavunjika, kwa sababu baada ya kuinuliwa hukaa imara wenyewe.

Vibamba na skrubu

Mfupa ukiwa legelege au umevunjika vipande kadhaa, kuuinua pekee hakutoshi, kwani huanguka tena. Zamani daktari alitoboa mashimo na kuufunga kwa waya. Tangu miaka ya 1970, madaktari wa Ufaransa, miongoni mwao Maxime Champy, walieneza matumizi ya vibamba vidogo vyenye matundu, vinavyokazwa kwa skrubu ndogo. Leo vingi hutengenezwa kwa titani, madini mepesi yasiyoshika kutu na ambayo mwili huyakubali.

Vibamba hivyo huwekwa mahali pamoja, pawili au patatu kulingana na ubaya wa jeraha: kwenye ncha ya nje ya nyusi, kwenye ukingo ulio chini ya jicho, na kwenye nguzo ya taya la juu, ambayo hufikiwa kupitia ndani ya mdomo. Daktari hukata penye mikunjo ya kope au ndani ya mdomo ili makovu yasionekane sana.

Ikiwa sakafu ya jicho imebomoka, jicho huzama ndani ya uwazi wa taya kama kikombe kilichowekwa juu ya meza isiyo na ubao. Daktari huijenga upya kwa wavu mwembamba wa titani, au kwa kipande cha mfupa wa mgonjwa mwenyewe kilichotolewa nyongani au kwenye fuvu.

Wengi huuliza: je, vyuma hivi vitatolewa? Kwa kawaida havitolewi. Hubaki humo maisha yote, isipokuwa vikipata maambukizi, vikilegea au vikikusumbua chini ya ngozi. Hata hivyo, ukienda kupigwa picha yoyote ya hospitali siku za usoni, mwambie mhudumu kwamba unavyo.

Baada ya upasuaji

Usiku wa kwanza wauguzi watakuamsha mara kwa mara wakikumulika jicho na kukuuliza kama unaona. Usikasirike. Wanachunga ile damu ya nyuma ya jicho tuliyoitaja. Ukihisi uchungu mkali wa jicho au uoni unafifia, waite papo hapo, usingoje wakufikie.

Unaporudi nyumbani, zingatia mambo haya:

• Usipenge kamasi kwa angalau majuma mawili, au muda atakaokuambia daktari. Hewa ya pua huweza kupita kwenye ufa na kuingia kwenye tundu la jicho pamoja na viini. Ukipiga chafya, fungua mdomo.

• Lala chali, kichwa kikiwa juu ya mito miwili, wala usilalie upande uliotengenezwa.

• Kula uji, supu, viazi vilivyopondwa, ndizi na wali laini. Nyama choma, miwa na mahindi ya kuchoma vingoje.

• Sukutua mdomo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kila baada ya kula ikiwa una nyuzi ndani ya mdomo.

• Acha sigara, kwani huchelewesha jeraha kupona.

• Usipande ndege kabla ya kumuuliza daktari.

• Kaa mbali na soka, ndondi na michezo yote ya kugongana kwa angalau majuma sita.

Huenda umewahi kumwona mshambuliaji wa Nigeria, Victor Osimhen, akicheza amevaa barakoa. Novemba 2021, akiichezea Napoli dhidi ya Inter Milan, aligongana na beki akavunjika mfupa wa shavu na tundu la jicho. Alifanyiwa upasuaji wa kuwekewa vibamba na skrubu, akarudi uwanjani Januari 2022. Barakoa ile ilianza kama kinga ya mfupa unaopona.

Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku tano hadi saba. Ganzi huchukua muda mrefu zaidi, wiki nyingi au hata miezi, na kwa wengine haimaliziki yote. Wachache hubaki na kovu, kope la chini lililovutika, maambukizi, au kuona viwili viwili kunakohitaji matibabu zaidi. Kupoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya upasuaji ni nadra sana, lakini daktari ana wajibu wa kukueleza kabla hujatia sahihi.

Ukichelewa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa ni ufa kwelikweli. Baada ya majuma matatu au manne mfupa huwa umeshikana pale ulipo. Kuinua kwa wenzo hakuwezekani tena. Inabidi daktari aukate mfupa upya kwa msumeno, aupange, na pengine aongeze mfupa kutoka mahali pengine. Upasuaji huo ni mrefu na wa gharama zaidi, na hata uso ukipata umbo, jicho lililozama kwa miezi mingi si rahisi kulirudisha sawasawa.

Kwa hivyo siku ya kwanza usilikande shavu kwa maji moto wala usimruhusu mtu alisugue ili "kuurudisha mfupa". Funga barafu kwa kitambaa, iweke taratibu kwa dakika 10 hadi 15, bila kulikandamiza jicho, kisha uende hospitalini. Usimeze aspirini, kwa kuwa huzidisha kuvuja damu.

Pesa na sheria

Wengi hukaa nyumbani wakiogopa gharama. Kumbuka kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hakikisha pia umejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na uulize hospitali mapema ni kiasi gani kitalipwa.

Ikiwa ulipigwa, piga ripoti polisi ili upewe fomu ya P3, ambayo daktari ataijaza. Lakini matibabu yatangulie. Kesi yaweza kungoja, jicho haliwezi.

Kinga

Mkanda wa usalama, uliolazimishwa katika matatu na kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, huzuia uso kugonga kiti cha mbele. Abiria wa bodaboda naye avae kofia ya kinga, na iwe imefungwa kidevuni, si kupachikwa tu kichwani. Inayofunika uso mzima ndiyo inayolilinda shavu. Ile inayofunika utosi pekee huuacha uso wazi.

Na yote hayo yakishindikana, likavimba shavu lako au la mwanao, usihesabu siku za uvimbe kuisha. Hesabu siku 14 zilizobaki, na uanze safari ya hospitali katika siku ya kwanza.